Basi Nisubiri Wakati Gani?

Kanazawa, Japani
23 Novemba 2025

Shoga yangu,

Salamu nyingi sana. Sauti yako nimeipata. Dakika kumi na moja na sekunde arobaini, mwanangu! Kwenu ilikuwa saa tano usiku, kwangu saa kumi na moja alfajiri, mvua inanyesha na radi inapiga. Huku wanasema radi za msimu huu ndizo zinazomwamsha samaki wao anayeitwa buri, kwa hiyo kila mtu anazifurahia isipokuwa mimi niliyezaliwa Tanga.

Nimekusikiliza mpaka mwisho nikiwa ndani ya blanketi. Kisha nikakurudia nikiwa na kalamu, nikaandika yale tu yaliyotokea. Unajua yamefika mistari mingapi? Mitatu. Wifi yako alikukopa laki moja na themanini mwezi wa nane, akasema atarudisha kabla ya arusi. Ulimwandikia, tiki zikawa bluu, hakujibu. Siku ya arusi alipita mbele yako na sinia la pilau, hakukusalimu. Hayo ndiyo yote. Kwamba anakudharau tangu uachike, kwamba anamjaza kaka yako maneno, kwamba sare ulicheleweshewa makusudi, kwamba wameshakaa wakakujadili, hayo umeyapika mwenyewe, na moto umeukoleza mwenyewe.

Usininunie. Sikuchekii bahati mbaya yako, maana mimi ndiye fundi wa kazi hiyo.

Mwezi wa tano profesa anayenisimamia aliniandikia mstari mmoja: njoo ofisini Alhamisi saa nne. Ilikuwa Jumapili. Kabla Alhamisi haijafika nilishafukuzwa chuo, nilishafungasha, nilishatua Dar, mama alishanipokea kwa uso wa msibani, na majirani wa Ngamiani walishaanza kuulizana mbona karudi mapema. Hata kiti cha dirishani kwenye basi la Tanga nilishakikalia. Alhamisi nikaenda, miguu haininyanyuki. Akaniuliza kama ningependa kuhamia meza ya karibu na dirisha, kwa sababu aliyekuwa akiitumia amemaliza masomo. Meza, shoga! Siku nne sikula chakula kikashuka, kwa ajili ya meza.

Nilimsimulia bibi jirani yangu, yule anayenigawia figili za bustanini kwake. Yeye hakucheka. Jumapili iliyofuata akanigongea mlango, tukapanda mlima mpaka Daijo-ji, hekalu la Zen, tawi mojawapo la dini ya Buddha, lililoko kwenye miti mirefu upande wa kusini wa mji. Siku za Jumapili watu wa kawaida wanaruhusiwa kuja kukaa. Ndivyo wanavyosema, kukaa. Hata neno lenyewe, zazen, "za" yake ni kukaa.

Nikuelezee kunavyokuwa, maana najua unawaza uvumba na miujiza. Unapewa mto wa duara, mgumu, umejazwa usufi, uleule wa mito ya bibi zetu. Unauinamia kwanza kama unausalimu, kisha unageukia ukutani. Ukutani kabisa! Miguu unaipandanisha kadiri ilivyo tayari. Yangu haikuwa tayari. Macho hayafumbwi, unayaacha nusu yakitazama chini. Mkono wa kushoto juu ya wa kulia, viganja vikitazama juu, ncha za vidole gumba zikigusana kidogo tu kama zimeshika karatasi. Vidole vikisukumana vikawa kilima, umekaza roho. Vikianguka, umesinzia. Mtawa anayepita nyuma yako anaona kila kitu hapo kwenye vidole. Kengele inalia mara tatu, na muda wake ni wa kijiti kimoja cha udi kuungua mpaka kiishe, kama dakika arobaini hivi. Ukizidiwa na usingizi unaweza kuomba kupigwa ubao bapa begani. Nimeomba mara moja. Mlio ni mkubwa kuliko maumivu, lakini usingizi ulihama hekalu.

Nilitegemea nitapata utulivu. Nilichopata ni kituo cha daladala. Raskazone! Pongwe! Donge! Kila wazo lina konda wake anaita, na mimi nilikuwa napanda kila linalosimama, nashushwa Pongwe nisikokuwa na shughuli, halafu najiuliza nimefikaje. Baadaye nilimuuliza mtawa nifanye nini. Akasema, ukigundua umeondoka, rudi kwenye mgongo wako. Nikamuuliza, mara ngapi? Akasema hajawahi kuhesabu.

Ndiyo somo lote. Nilihisi nimepunjwa, kwa kweli. Nimepanda mlima na mvua yote ile, naambiwa nirudi mgongoni.

Lakini kuna kisa nilichokisoma baadaye, nacho ndicho kimenifanya nikuandikie barua badala ya kukurudishia sauti. Mwenye njia hii ya kukaa ukutani hapa Japani ni Dogen, aliyezaliwa mwaka 1200. Hekalu lake kubwa, Eihei-ji, alilianzisha mwaka 1244 katika mkoa wa jirani wa Fukui. Siku hizi treni ya kasi inakufikisha mji wa Fukui kutoka hapa kwa chini ya nusu saa. Kabla ya kulianzisha, akiwa kijana wa miaka ishirini na tatu, alivuka bahari kwenda China kumtafuta mwalimu. Alikuwa kijana msomi, wa ukoo mkubwa, kichwa kimejaa vitabu. Waliomfundisha wa kwanza walikuwa wapishi, na miaka mingi baadaye, mwaka 1237, alipoandika mwongozo wa kazi ya mpishi wa hekalu, hakuona haya kuwataja.

Siku moja, katika hekalu la Tiantong, Dogen alikuwa anapita baada ya chakula cha mchana. Akamwona mpishi mzee uani anaanika uyoga. Mkongojo wa mwanzi mkononi, kofia hana. Jua linawaka, vigae vya uani vinaunguza, jasho linamtiririka. Mgongo umepinda kama upinde, nyusi nyeupe kabisa. Dogen akamsogelea, akamuuliza umri. Sitini na minane. Akamuuliza, kwa nini hutumi wasaidizi wakufanyie kazi hii? Mzee akajibu: "Wengine si mimi." Dogen akasema, ni kweli usemavyo, lakini jua kali hivi, kwa nini iwe saa hizi? Mzee akamwambia: "Basi nisubiri wakati gani?"

Dogen akanyamaza.

Mara ya kwanza jibu hilo nililisoma kama hotuba ya uchapakazi, zile tulizokuwa tukipigwa paredi, nikalipita. Lililonirudisha ni bibi yako, Mungu amrehemu. Unakumbuka alivyokuwa akianika makopa ya bada kwenye mkeka saa saba mchana, na sisi kwa huruma zetu tukamwambia, bibi, ngoja jua lipungue? Alitutazama kama tumerukwa na akili. "Jua likipungua makopa yatakaushwa na nini?"

Uani pale palikuwa na uyoga na jua, na uyoga hukaukia juani. Uzee, cheo, wasaidizi, saa inayofaa na isiyofaa, kumhurumia mtu ambaye hakuomba huruma, hivyo vyote vililetwa na kijana. Mzee hakubishana navyo, wala hakumwambia ni vya uongo. Kweli alikuwa mzee, na kweli jua lilikuwa kali. Hakuvipokea tu, mikono yake ilikuwa na kazi.

Kisa kingine ni kifupi, hiki ni cha kulalia. Mwanafunzi alimwendea Bodhidharma, yule wanayemhesabu kuwa ndiye aliyeileta Zen China, akalia kwamba moyo wake haujatulia, amtulizie. Bodhidharma akamwambia, ulete hapa nikutulizie. Akasema, nimeutafuta, siupati. Basi, akaambiwa, nimeshakutulizia. Nimekijaribu hiki kwa ile hofu ya meza, kwa kuchelewa, lakini nimekijaribu. Na wewe kijaribu kwa dharau ya wifi yako. Iko wapi hasa? Sinia nimeliona, ujumbe usiojibiwa nimeuona. Dharau yenyewe ilete hapa.

Najua unachotaka kuuliza, mama ameshakutangulia. Sijabadili dini. Dua zao sizisomi. Nakaa, nafagia majani na wenzangu, narudi nyumbani kuwahi adhuhuri. Nitakwambia kinachonishangaza: ni swala ndiyo iliyobadilika. Nilikuwa napiga takbira nipo, nikifika rakaa ya tatu nimeshanunua mchicha, nimeshagombana na muuza mchicha, na sikumbuki kama nimekaa tahiyatu. Khushuu tumefundishwa madrasa tangu tunapoteza meno, sasa hivi tu ndipo ninapojua nilikuwa nikiondoka saa ngapi. Bado naondoka. Ila narudi kabla ya salamu, mara nyingine.

Lakini nisikuuzie mbuzi kwenye gunia. Watu wa Zen si malaika, na maneno haya ya kuacha hadithi za kichwani yana makali pande zote mbili. Japani ilipoingia vitani, China na baadaye Pasifiki, viongozi wengi wa Zen walisimama na jeshi. Kuacha nafsi, kutouliza, kutenda bila kusitasita, mafundisho hayohayo yakageuzwa kuwa ya kumfundisha askari ajue kuua na kufa bila kuhoji. Madhehebu ya Soto, haya ya Dogen, yalitoa tamko la kutubu mwaka 1992. Bibi jirani ndiye aliyenieleza, tena bila mimi kumuuliza, tukiwa tunateremka mlima. Alisema mtu anayekwambia achana na mawazo, mtazame kwanza anafaidika nini ukiyaacha. Nimempenda zaidi kwa hilo.

Kwa hiyo mtu asije akakwambia hata deni ni hadithi, halafu umsamehe kwa jina la utulivu. Laki moja na themanini ni pesa ya mchezo, na zamu yako inakuja Desemba. Mpigie simu, usimwandikie. Taja kiasi, taja tarehe unayoihitaji. Kaka yako usimtaje, sare usizitaje, arusi usiitaje kabisa. Ukisikia ulimi unasema "na siku ile", ujue daladala limesimama na wewe umeshaweka mguu mlangoni.

Na hilo sinia. Una hakika alikuona? Mimi ninavyomjua wifi yako, bila miwani hamtambui hata mumewe, na hakuna mwanamke atakayevaa miwani siku ya arusi juu ya wanja wa elfu kumi. Huenda aliona kivuli chenye dera. Huenda alikuwa anaikimbiza pilau isipoe, huenda viatu vilikuwa vinambana, huenda... Unaona? Na mimi nimeshatunga yangu, na yangu ni tamu zaidi kwa hiyo nakaribia kuiamini. Sijui kwa nini hakukusalimu. Wewe pia hujui.

Hapa baridi imeshaingia. Bustani kubwa ya mji, Kenroku-en, wameshaifunga misonobari kamba kutoka kileleni mpaka kwenye matawi, kila mti kama mwavuli usio na kitambaa, ili theluji isije ikavunja matawi. Watu wa hapa wana msemo kwamba hata ukisahau chakula chako cha mchana, usisahau mwavuli. Mimi nimesahau vyote viwili Ijumaa. Kuanzia tarehe 1 mpaka 8 Desemba mahekalu ya Zen hukaa mfululizo kukumbuka kuamka kwa Buddha. Mimi nitakwenda asubuhi mbili tu, magoti yamekataa zaidi ya hapo.

Wasalimie watoto, na mama mkubwa umwambie zile dawa azinywe baada ya kula, siyo kabla. Ukisikia mtu yeyote anakuja Japani, hata kama anafikia Tokyo, mpe kilo mbili za makopa na kifungu cha ng'onda. Nitalipia mwenyewe mzigo wa kutoka huko. Unga wa muhogo nilioupata kwenye duka la Wabrazili ni mzuri lakini unasonga kama gundi, na mara ya mwisho sufuria nimeiloweka siku mbili.

Ukishampigia, niambie alichosema. Maneno yake tu.

Wako,
shoga yako wa dawati la nyuma