Usimnunulie treni ya betri: barua ya wazi kwa mdogo wangu wa Nakuru

Mdogo wangu,

Salamu kutoka Kisumu. Joto letu ni lile lile, na watoto wangu wa chekechea hawajambo. Uliniuliza kama umnunulie mwanao ile treni ya betri inayozunguka kwenye reli za plastiki, maana tangu aone treni ya mizigo ikipita hapo Nakuru hana habari nyingine. Nakujibu hadharani kwa kuwa wazazi wengi huniuliza hilo hilo. Usinunue.

Treni ya betri hujiendesha yenyewe, mtoto akabaki mtazamaji. Watoto wa miaka minne kama yeye hawashikwi sana na taa wala honi. Wanashikwa na kuunganisha na kuachanisha: behewa hili lifuate lile, lile likatike libaki nyuma, lirudiwe. Basi kigezo chako kiwe hicho kimoja, mabehewa yafungwe na kufunguliwa kwa vidole vyake mwenyewe. Zile treni za karatasi za kubandika, ambazo sisi walimu hupenda kuzitundika ukutani siku ya wazazi, mtoto humalizana nazo gundi ikikauka.

Waambie majirani wakuwekee viberiti vitupu. Kila kiberiti ni behewa, na kile kisanduku cha ndani kinavutwa nje, kwa hiyo linapakiwa na kupakuliwa. Vibandike karatasi za rangi kwa gundi ya unga wa ngano uliokorogwa na kupikwa. Nyuma ya kila behewa shonea kifungo cha shati, mbele weka kitanzi cha uzi. Kitanzi kinavaa kifungo, treni imeungana. Magurudumu acha, wala hatayaulizia. Ila kama yule mdogo wake bado anatia kila kitu mdomoni, vifungo na vitu vidogo kama maharagwe vikae mbali naye. Yeye mpe pakiti za maziwa zilizooshwa, na kamba ziwe fupi.

Kichwa cha treni usikifanyie haraka. Mtengenezee Garratt. Katika miaka ya 1955 na 1956, reli ya Afrika Mashariki ililetewa vichwa 34 vya mvuke vya aina hiyo, daraja la 59, kutoka kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester, na kila kimoja kikapewa jina la mlima wa huku kwetu. Kimoja chao, Mount Gelai, namba 5918, kipo katika makumbusho ya reli Nairobi. Uzuri wake kwa kazi ya mikono ni kwamba kina vipande vitatu: bwela, yaani tangi la kuchemshia maji, katikati, na mbele na nyuma yake injini mbili zinazogeuka kila moja kivyake, ndiyo maana dude refu namna ile liliweza kukata kona kali. Kwako, bwela ni ile karatasi ngumu inayobaki tishu ya chooni ikiisha, injini ni pakiti mbili, na kamba ndiyo inayoviacha vijipinde. Mlima achague mwenyewe. Najua atasema Menengai, na usianze kumsahihisha kwamba lile ni shimo.

Reli ichore kwa chaki barazani, na mataruma yawe vijiti vya aiskrimu. Usichore duara. Chora njia ya kweli, ya kuja kwetu: Njoro, Elburgon, Molo, Mau Summit, Londiani, Fort Ternan, Muhoroni, Kibos, Kisumu. Mwanzo mpaka Mau Summit weka mito chini ya mkeka ili treni ipande, kisha iteremke hadi ziwani. Hapo utasikia sauti yake ikibadilika bila kufundishwa, nzito ikipanda, mbio ikishuka. Njoro apakie ngano, Elburgon vijiti vya mbao, Molo vipande vya viazi, Muhoroni miwa. Kisumu anapakua yote na kupakia omena, kama mama yao atakubali harufu. Mwenzake awe mkuu wa stesheni na vitambaa viwili, kijani na chekundu. Kusimama ghafla kwa chekundu ni kazi ngumu kwa mtoto wa miaka minne, na ndiyo wanayoicheka zaidi.

Siku nyingine pima uani mistari miwili iliyoachana mita moja kamili. Huo ndio upana wa reli hii ya zamani, iliyofika ziwani Desemba 1901. Ile ya SGR, reli mpya ya kisasa, ni milimita 1,435. Anyooshe mikono aone anafikia wapi. Mwambie pia, kwa sauti ya mzazi, kwamba hii ya chaki ndiyo ya kuchezea, ile ya mjini hatuikanyagi hata tukiona wachuuzi wametandaza nguo juu yake.

Pesa ya betri iweke. Likizo ya Agosti ulizia mapema hapo stesheni kama kuna treni ya abiria ya kuja huku, maana ratiba hubadilika. Isipokuwepo, njooni na matatu, na viberiti mje navyo. Huku natumia gesi.

Dada yako