Zimwi, mtoto na mahali pa kuweka lenzi

Swahiba wangu,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo nyumbani.

Umeniuliza zimwi la filamu yako liwe na urefu gani ili watu waliogope. Kabla ya urefu, amua lenzi itakaa usawa wa macho ya nani. Zimwi la mita tatu likipigwa picha kutoka usawa wa kifua chake ni mtu mnene tu. Likipigwa picha kutoka usawa wa macho ya mtoto, hata mita mbili zinatosha kumkausha mtu mate.

Tazama tena The Fellowship of the Ring, ile ya 2001 ya Peter Jackson, iliyopigwa picha na Andrew Lesnie. Ruka vita, ukae nyumbani kwa Bilbo, mmoja wa hobiti, wale watu wafupi wa hadithi ile. Gandalf, mchawi mrefu, anaingia, anagonga kichwa, na urefu wake unatuchekesha. Muda si mrefu Bilbo anakataa kuiacha pete yake ya uchawi. Chumba kinaingia giza, kamera inamtazama Gandalf kutoka chini, na urefu uleule tuliouchekea sasa unatisha. Mzee hakuongezeka hata sentimita moja. Tumehamishwa sisi, tukawekwa pale alipo Bilbo.

Sasa namna ya kuupata huo urefu bila kompyuta. Nyumba ile ilijengwa mara mbili: kubwa kwa ajili ya hobiti, ndogo kwa ajili ya Gandalf. Penye meza ya chai, meza ilikuwa vipande viwili vya ukubwa tofauti, cha Gandalf karibu na lenzi, cha Bilbo nyuma, vikapangwa vionekane kimoja na maungio yakafichwa kwa vyombo. Wewe huna haja ya nyumba mbili. Waigizaji wako wanalingana urefu, kwa hiyo mweke zimwi mita 2 kutoka kwenye lenzi na mtoto mita 3. Mtoto ataonekana theluthi mbili ya zimwi.

Wengi huharibikiwa miguuni. Lenzi ikiwa juu mita 1.5 na wote wamesimama sakafu moja, miguu ya aliye nyuma itapanda juu kwenye fremu, na jicho litajua papo hapo kwamba yule yuko mbali, si mdogo. Mshushe aliye nyuma sentimita 75 (kwa vipimo hivyo nilivyokupa) na nyayo zitakaa mstari mmoja. Ukishindwa kuchimba, nyanyua jukwaa la zimwi na kamera pamoja. Au weka lenzi karibu na ardhi, lakini hapo mtoto naye ataonekana ametutawala kutoka juu, na huruma yetu kwake itapungua. Mimi ningeficha miguu kwa meza, kama wao walivyofanya. Hata gari la farasi la Gandalf lilisaidia hivyo: Frodo, hobiti mwingine, alikaa nyuma zaidi, nasi tukawaona wameketi bega kwa bega.

Fokasi lazima iwashike wote wawili. Kwenye kamera yenye sensa (kile kipokea mwanga cha ndani) ya ukubwa kamili, tumia lenzi ya milimita 24, libane tundu la lenzi linalopitisha mwanga hadi f/8, weka fokasi mita 2.4, kila kitu kuanzia mita 1.2 kitakuwa kikali. Gharama yake ni mwanga. Kutoka f/2.8, tundu likiwa wazi zaidi, hadi f/8 unahitaji mwanga mara 8, na ukijaribu kuufidia kwa kupandisha ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga), giza la pango la filamu yako litajaa chenga. Omba taa za ziada mapema.

Macho nayo! Waigizaji wakitazamana kweli, zimwi litageuka nyuma na mtoto atatazama mbele, hila ifumke. Bandika alama: zimwi litazame pembeni na chini, mtoto pembeni na juu.

Kamera isitembee. Ukitaka kuizungusha kushoto na kulia, mhimili upite kwenye lenzi, si kwenye bodi ya kamera. Simamisha vijiti viwili, kimoja karibu na kingine mbali, vifunikane, halafu zungusha. Vikiachana, rudisha kamera nyuma kidogo kidogo juu ya tripodi mpaka vitulie. Jackson alipotaka kamera isogee, kiti cha Frodo kiliwekwa juu ya jukwaa lililosogea pamoja nayo. Hiyo iache.

Zimwi litakapomshika mtoto, hila hii imekwisha, kwa sababu mikono haiwezi kufika. Tafuta mtu mfupi umpige picha kwa nyuma, kisha kata uende kwenye uso wa mtoto wako halisi. Kazi hiyo ya kuwa mwili wa hobiti aliifanya Kiran Shah, mzaliwa wa Nairobi, mwenye urefu wa kama mita 1.26.

Kuhusu hirizi ya filamu yako: usihangaike na lenzi ya kupiga picha vitu vidogo. Kwa pete inayozunguka hewani katika filamu ile, karakana ya sonara Jens Hansen wa New Zealand ilitengeneza pete ya kipenyo cha sentimita 20. Kitu kikiwa kikubwa, kamera haihitaji kukisogelea sana, na fokasi inapata nafasi. Fundi wako achonge hirizi kubwa mara nne, lakini mikwaruzo nayo aikuze, la sivyo itaonekana mpya kuliko ile ndogo.

Ile shoti ya njia ya msituni inayojivuta kabla Mpanda Farasi Mweusi, adui anayewawinda hobiti, hajatokea unaiweza. Anza lenzi ikiwa milimita 25, mita 1.5 kutoka kwa mtoto. Vuta toroli nyuma hadi mita 3 huku mwenzako akipeleka zumu hadi 50. Uso utabaki ukubwa uleule na miti ya nyuma itamsogelea. Mmoja akiwahi, uso utavimba au kusinyaa, kwa hiyo hesabuni kwa sauti. Itumie mara moja tu katika filamu nzima, pale mtoto anapohisi kitu ambacho bado hatujakiona.

Nitumie mchoro wa pango: upana, kina, na kimo cha dari. Dari likiwa chini ya mita 2.5, nijulishe kabla fundi hajaanza jukwaa.

Wako daima,
Swahiba wako