Jumapili Chartreuse: kuhusu wawindaji

Ndugu zangu, habari za jioni.

Msimu wa uwindaji umeshafunguliwa, na Jumapili wawindaji watakuwa msituni kama sisi, huko kwenye milima ya Chartreuse, Ufaransa. Mnakumbuka Januari 2023 serikali ya Ufaransa ilikataa kuwazuia kuwinda siku za Jumapili. Safari yetu ipo palepale, ila kila mtu avae kizibao cha rangi ya chungwa kinachong'aa. Asiye nacho anitafute, ninavyo vya ziada. Tukiona kibao cha "Chasse en cours" (uwindaji unaendelea), tunageuza bila mjadala, hata kama tumebakiza kilomita moja.

Oktoba 2018, katika milima hii hii ya Alps, mwendesha baiskeli kutoka Wales alipigwa risasi na mwindaji kule Montriond akafariki. Sitaki kupiga simu ya namna hiyo kwa familia ya yeyote kati yenu.

Kuhusu njia: tangu sheria ya Februari 2023, kuingia msitu wa mtu uliowekewa alama za katazo ni kosa la faini. Ndivyo mmiliki mmoja alivyofunga mamia ya hekta juu ya Chartreuse, sehemu ambayo watu walipita miaka nenda rudi. Linaniuma sana. Hata hivyo tusikate kamba wala kung'oa vibao. Malalamiko tuyapeleke kwa meya, kwa maandishi, nami nitaandika rasimu.

Tukikutana na wawindaji tupunguze mwendo, tuwasalimie, tuwaulize wanawinda upande gani. Wenye Kifaransa kizuri watangulie mbele.

Tukutane stesheni saa mbili kamili asubuhi.