Kabla hujaiandikia benki barua ya kuacha kazi

Boston, Jumapili usiku

Hamadi swahiba,

Sauti yako ya dakika saba nimeisikiliza mara mbili. Ya kwanza nikiwa kwenye treni, ya pili nimevua viatu, miguu imo ndani ya beseni la maji ya chumvi. Jana mgahawani tulihudumia watu mpaka saa sita usiku. Nimeona nikuandikie, maana kwa sauti nitapayuka tu.

Kwa hiyo benki unaiacha, unataka kuuza programu ya migahawa. Na mimi umeshanifanya shahidi: "wewe si unazishika kila siku?" Ni kweli, nazishika. Lakini dereva wa daladala naye anashika usukani kila siku, na hajui kiwanda cha magari kinapataje faida. Ndiyo maana miezi hii nimekuwa nikisoma habari za waliotengeneza hiki kitableti cha kuchukulia oda na malipo ninachotembea nacho kiunoni. Kinaitwa Toast. Ndiyo, tosti, kama ile ya kunywea chai. Kampuni ni ya hapa hapa Boston.

Walioianzisha ni watatu: Steve Fredette, Aman Narang na Jonathan Grimm. Walikuwa mainjinia wa Endeca, kampuni ya programu iliyokuwa Cambridge, ng'ambo ya mto Charles. Mwaka 2011 Oracle, kampuni kubwa ya programu, ikainunua Endeca, na wao wakaondoka kwenda kutafuta la kufanya. Mtaji wa mwanzo aliwapa Steve Papa, yule yule aliyekuwa ameianzisha Endeca. Hapo weka alama, Hamadi. Wewe meneja wako hata likizo anakunyima.

Sasa sikiliza. Wazo lao la kwanza ndilo lile lako la dakika ya tatu: mteja alipe bili kwa simu yake, asimsubiri mhudumu. Wakalitengeneza, likawashinda. Ili simu ijue meza ya saba inadaiwa kiasi gani, lazima iingie kwenye mashine ya mauzo ya mgahawa, na mashine zile za zamani zilikuwa kama sanduku la bibi, ufunguo anao mwenyewe. Wakaona bora watengeneze mashine yenyewe. Wakaiweka kwenye tableti za Android, hesabu zote zikikaa kwenye seva za mbali.

Hapo ndipo walipokutana na jikoni, na hapa ndipo ninapotaka ukae kidogo.

Mchukue mteja mmoja tu, wa jana. Meza ya 14, watu wanne. Mmoja hataki kitunguu. Mmoja karanga zinamdhuru, na hilo si suala la ladha, ni suala la kumpeleka hospitali. Wa tatu ameagiza samaki, na samaki akishawekwa kwenye moto anasema anataka kuku. Supu itangulie, vyakula vizito visipikwe mpaka mabakuli yaondolewe. Mwishoni bili igawanywe mara nne, chupa ya mvinyo iwe juu ya wawili tu, na kila mmoja aache bakshishi yake. Kitu kikiisha, wapishi wanapiga kelele "eighty-six!", themanini na sita, na kuanzia hapo asiwepo mhudumu wa kukiuza tena. Programu isiyoyajua yote hayo haifai hata kufungia maandazi. Mgahawa niliofanya kazi mwanzo, Jumamosi moja intaneti ilikatika na ile mashine yao ikazimika kabisa. Tukaandika oda nyuma ya karatasi za kufutia mikono. Mimi oda ya meza nzima nilimwagia mchuzi, nikarudi kuwauliza upya huku wananitazama kama mwizi.

Kuna mtu mwingine nataka umjue, maana yeye alianzia jikoni. Gene Mosher alikuwa na mgahawa Syracuse, jimbo la New York, ukiitwa Old Canal Cafe. Aliandika mwenyewe programu kwenye kompyuta ya Apple II: oda inapokelewa mlangoni, na maelezo yake yanachapwa jikoni papo hapo. Mara nyingi mteja akifika mezani anakuta chakula kinamngoja! Mwaka 1986, kwenye Comdex, maonyesho ya kompyuta kule Las Vegas, alisimama katika banda la kampuni ya kompyuta ya Atari akionyesha ViewTouch, skrini ya rangi unayoigusa kwa kidole, kila chakula na kitufe chake. Vitufe ninavyobonyeza mimi leo ni wajukuu wa vile. Baadaye programu yenyewe aliitoa bure, yeyote aichukue na kuirekebisha. Mimi huyu nampenda kuliko wale watatu, nakiri. Ila hela kubwa ilikwenda kwa wengine.

Na si yeye wa kwanza. Mashine ya kwanza ya kuhesabia mauzo ilibuniwa na mwenye baa, James Ritty wa Dayton, Ohio. Wahudumu wake walikuwa wakimwibia hela za mauzo. Akiwa safarini kwenda Ulaya kwa meli, akaona kifaa kinachohesabu mizunguko ya panga la meli, akajiuliza mbona noti zisihesabiwe hivyo. Mwaka 1879 yeye na kaka yake wakapata hataza, yaani haki ya ubunifu wao. Hakufika nayo mbali, akauza. John Patterson ndiye aliyekuja kuichukua biashara hiyo mwaka 1884, akaiita National Cash Register, akatajirika.

Turudi kwa Toast, tufuate hela. Ulisema utatoza kila mgahawa ada ya mwezi. Wao pia wanatoza, lakini sehemu kubwa ya mapato yao haitoki huko. Inatoka kwenye malipo: kila kadi inapopitishwa, kuna kipande kinachokatwa. Kingi chake kinaishia kwa mabenki na kampuni za kadi, wao wanabaki na kidogo, ila kidogo hicho ni mara mamilioni. Tableti na printa wanaziuza kwa hasara. Hizo ni chambo. Ndiyo maana gonjwa la 2020 lilipofunga migahawa, wao walianguka siku hiyo hiyo: kadi hazipiti, hela haiingii. Aprili mwaka huo walipunguza karibu nusu ya wafanyakazi. Kisha Septemba 2021 wakaingia soko la hisa la New York, hisa moja dola 40, kampuni ikathaminiwa kama dola bilioni 20. Miezi kumi na saba tu! Mwaka 2023 wakajaribu kumwongezea mteja senti 99 kwenye oda za mtandaoni zinazozidi dola 10. Wenye migahawa wakaja juu, maana lawama za mteja zinawaangukia wao, na ada ikafutwa baada ya wiki chache.

Narang, mmoja wa wale watatu, hakuwa bosi mkuu muda wote huo. Tangu 2015 aliongoza Chris Comparato, na Narang akashika usukani Januari 2024 tu. Wewe ungeweza kumpisha mtu kwenye kampuni yako? Tunajuana, timu ya mtaa tu ulitaka uwe kocha na mshambuliaji.

Swali langu sasa. Huko Tanga mteja analipa taslimu, au kwa simu, Lipa Namba. Kile kipande cha malipo tayari kina wenyewe, mitandao ya simu na mabenki. Wewe utakata wapi? Ada ya mwezi mama wa wali maharage hakupi, na mwenye hoteli kubwa akiona skrini yako atadhani ni EFD nyingine, ile mashine ya risiti za kodi, TRA, watu wa kodi, wamekuja kwa mlango wa nyuma. Sisemi haiwezekani. Nasema hilo hukuligusa hata sekunde moja katika dakika saba.

Kabla ya barua ya kuacha kazi, chukua likizo, hata ya kugombania, ukasimame kaunta kwa ba'mdogo wako barabara ya 12. Ijumaa, watu wakitoka msikitini, pilau linapigwa foleni. Usiende na kompyuta. Nikija Desemba nitakuuliza jambo moja tu: pale kwa ba'mdogo, pilau likiisha, nani anawaambia wahudumu, na anatumia neno gani?

Mama nimemtumia ile hela ya dawa Alhamisi. Mpitie uone kama imefika, simu yake haipatikani.

Wako,
Shabani