Asante bibi shamba, popote ulipo

Jamani nina deni la shukrani kwa yule bibi shamba, jina hata sikuuliza, aliyekuja kuangalia nyanya zangu za uani maana zilikuwa zinaoza kitako zingali mbichi na kila mtu ananiambia piga dawa, piga dawa. Yeye akachutama, akashika udongo, akasema dada huu sio ugonjwa wala mdudu, tunda limekosa kalsiamu sababu maji hayaji kwa mpangilio, leo mafuriko kesho ukame, we mwagilia sawasawa na utandaze majani makavu juu ya udongo. Basi! Matunda mapya yanatoka safi kabisa. Na hakuniona mjinga, hapo ndo wataalamu wengi wanafeli. Mama, ikikufikia hii, Mungu akuzidishie, na mche wako wa hoho nimekutunzia, pita uchukue.