Ngumbaru nao waachwe waseme

Mhariri,

Mimi ni dereva wa tuktuk, hupakia abiria karibu na Fort Jesus. Jioni nasoma Kiingereza Majengo, darasa la ngumbaru, yaani watu wazima. Mwalimu hutujazia ubao vitenzi vya wakati uliopita: go huwa went, buy huwa bought. Sisi tuliozoea -li- moja ya kutosha kila kitenzi! Tunakariri, tunafunga madaftari, twende zetu. Kusema hatusemi.

Kwetu yeye ni yeye, mume au mke. "He" na "she" hazikai mdomoni mpaka uzitumie kwa mtu aliye mbele yako. Basi nusu ya kipindi tuulizane nauli, njia ya Mji wa Kale, bei ya madafu. Ubao tutaurudia baadaye, tukijua unatufaa wapi.

Dereva wa tuktuk,
Mombasa