Manyoya yako yanafanya vidonge

Kinondoni, Dar es Salaam

Kaka Baraka,

Habari za Mufindi? Huku joto ni lile lile. Kifurushi cha manyoya ya kuvika nzi wa kuvulia (zile ndoano tunazozivika manyoya kwa uzi zifanane na wadudu, samaki wazimeze) kimefika, nami nimekichambua kwa kibano. Rangi haina kosa. Tatizo ni urefu: nyuzi za sentimita 5 zimezongana na vumbi la manyoya lisilofika milimita 3. Ndefu hujiviringisha chini ya kisu cha brenda ninayochanganyia na kufanya vidonge, yaani mabonge madogo. Fupi hazishiki kwenye uzi wa kuvikia ndoano, zinaishia mezani.

Kata kila kitu sentimita 1 hadi 2 kabla hujachanganya. Uzi wa akriliki wa kufumia ufumue kwanza, kisha uchane kwa chanuo mpaka msokoto uishe, maana brenda haiutoi. Kwa nzi wa kuzama wa ndoano namba 14, pima gramu 3 za manyoya laini ya sungura, gramu 1 na nusu ya singa zake ngumu, na nusu gramu tu ya nyuzi zinazong'aa. Mng'ao ukizidi, mchanganyiko unateleza kwenye uzi hata ukipaka nta.

Kikombe cha viungo cha brenda kijaze theluthi, bonyeza sekunde 2, achia, mara 4 au 5 basi.

Ila mimi naipenda zaidi njia ya maji, na haijali umeme kukatika. Chukua chupa ya lita 1 yenye mdomo mpana, maji vuguvugu nusu, tone moja la sabuni ya vyombo, tia manyoya, tikisa dakika 2. Mimina kwenye chujio usuuze mpaka povu liishe. Sabuni ikibaki, nzi wako wa kuelea atazama. Minya kwa taulo, usisugue! Unywele wa mnyama una magamba madogo. Ukisuguliwa ukiwa umelowa, hasa kwa maji ya moto, hushikana kama zulia.

Anika ndani, mbali na feni (utayaokota hadi sebuleni). Usiyafunge yakiwa na unyevu, yataota ukungu. Rangi usiihukumu yakiwa makavu: lowesha mchanganyiko kidogo, kwani samaki wetu, trauti, atauona umelowa, na huwa umekoza.

Ukipata ngozi ya sungura wa kijivu, ipake chumvi upande wa ndani, ikauke kabisa, unitumie kwa basi.

Wasalimie nyumbani.

Nduguyo,
Hamisi